Bawabu wa milango ya moyo

Ni saa tano asubuhi, na mtu mzima mwenye akili zake timamu amekaa na mpira mdomoni kama mtoto anayenyonya.

Hanyonyi. Anavuta pumzi, tena kidogo mno, kama mtu anayenusa chungu cha jirani na hataki jirani ajue. Ncha ya pili ya mpira huo mwembamba imeunganishwa na bomba la kioo lililochongoka hadi jicho haliwezi tena kuliona, na ncha ya bomba hilo imeegemea utando wa seli moja ya moyo wa binadamu.

Simu zote ziko ndani ya kopo la biskuti huko koridoni. Feni imezimwa na joto limejaa chumbani. Mgeni ameonywa asisogeze kiti, na mgeni huyo, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, anaogopa hata kumeza mate.

"Usiniangalie mimi," anasema kwa pembe ya mdomo, bila kuuachia mpira. "Tazama pale."

Pale ni kwenye kompyuta. Kuna mstari mnyoofu usiofanya lolote. Ghafla unaruka juu, unakaa kidogo, unaanguka. Kimya. Kisha unaruka tena.

"Huo ni mlango mmoja," ananong'ona. "Mmoja, kati ya maelfu yaliyo kwenye seli hiyo moja. Umefunguka. Umefungwa. Haya, umefunguka tena! Unaona unavyojifanyia mambo yake?"

Ana miaka arobaini na moja, ni mke wa fundi bomba na mama wa watoto wawili, na kazi yake ni kuchunguza protini zinazopitisha chumvi kwenye utando wa seli za moyo. Wenzake wanamwita Bawabu. Jina limemganda kiasi kwamba hata walinzi wa getini humwita hivyo, wakati mabawabu wenyewe ni wao.

Hapa inabidi msomaji avumilie somo fupi, maana bila hilo hatutaelewana.

Kila seli ya moyo imevikwa utando wa mafuta. Aliyewahi kutia chumvi kwenye mafuta ya moto anajua kwamba haiyeyuki. Basi chumvi haiwezi kuupita utando huo mpaka ipate mlango, na mlango wenyewe ni protini, umbo dogo ajabu lililochomekwa katikati ya mafuta, ambalo hujikunjua na kujikunja.

Mlango wa sodiamu, moja ya chumvi hizo, ndio hutangulia, na sodiamu huingia kwa kishindo. Wa kalsiamu hufuata, na kalsiamu ikishaingia seli hujikaza, ndilo pigo tunalolisikia kifuani. Halafu milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, seli inatulia na kujiandaa upya. Pembeni kuna protini nyingine zinazofanya kazi ya pampu, zikirudisha kila chumvi ilikotoka, bila likizo na bila mgomo, tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake.

"Hayo yote ni pigo moja tu," anasema Bawabu. "Wakati nakueleza, yameshatokea kwako mara kadhaa. Na hakuna aliyekuomba ruhusa."

Mwandishi alijikuta ameweka mkono kifuani. Bawabu akacheka. Alisema kila mgeni hufanya hivyo, na yeye huwa anasubiri tu aone atafanya saa ngapi.

Mama yake mzazi, anayeishi naye, hajashawishika sana. "Miaka yote ile ya shule," analalamika akiwa jikoni kwa bintiye, "kumbe ni kufungua na kufunga mlango! Si angeniuliza mimi? Kuku wangu nawafungia kila jioni na sijapewa cheti." Lakini mama huyo huyo hali chakula cha jioni kabla hajauliza kama wale wadudu wa binti yake walishinda wazima. Wadudu ni seli. Ameelezwa, akasema amesikia, na bado ni wadudu.

Bawabu hakuota kazi hii. Alitaka kuwa mwalimu wa kemia, akapata mafunzo, akawa tayari hata kununua viatu vya kusimamia darasani. Siku moja mhadhiri wake alimwita aangalie kwenye hadubini seli zilizotolewa kwenye moyo wa kifaranga ambaye hajatoka yaini. Zilikuwa zimetawanywa kwenye kisahani, kila moja kivyake, na kila moja ilikuwa inapiga.

"Hakuna kifua, hakuna damu, hakuna kifaranga," anakumbuka. "Seli moja imelala kwenye maji ya chumvi, inapiga. Nikamwuliza mwalimu, nani kaiambia? Akasema hakuna. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nililia, sikufichi. Nilijiona nimechungulia mahali ambapo mtu hakupaswa kuchungulia."

Mshangao huo haujamtoka. Ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umeme hukatika bila salamu, na kuna majuma mazima anavuta mpira wake bila utando wa seli hata moja kumkubalia na kunata kwenye ncha ya bomba. Mume wake anasema yeye akishindwa kuziba bomba analipiga nyundo, sasa mke wake atapiga nini? Naye humjibu kwamba ndiyo maana hajawahi kumkaribisha kazini.

Lakini makala haya yasingeandikwa kama si fundi cherehani mmoja.

Fundi huyo ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwembamba, mwenye maneno. Bawabu alimkuta wodini akisubiri kufanyiwa upasuaji wa vali ya moyo. Alikuwa ameketi kitandani akishona kifungo cha koti la muuguzi, kwa sababu, alisema, hawezi kulala huku anaangalia kifungo kinaning'inia.

Kawaida ya upasuaji huo ni kwamba daktari hukata kipande kidogo kwenye ukingo wa chumba cha juu cha moyo, pale anapoingizia mpira wa mashine ya kuzungushia damu. Kipande hicho hutupwa. Bawabu alikwenda kuomba asikitupe, kama anavyowaomba wagonjwa wengi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Binti yangu, hicho kipande kinaweza kusema?"

Ndipo akamweleza. Alikuwa na mtoto wa kiume, mkimbiaji, kijana mwenye siha njema asiyewahi kulazwa. Alianguka uwanjani katikati ya mbio na hakuinuka. Hakuna aliyejua kwa nini. Aliacha binti, ambaye sasa ana miaka kumi, na binti naye ni mkimbiaji. Mwaka uliopita alizimia shuleni baada ya kukimbia, akaamka mwenyewe, akasema njaa.

Daktari wa watoto alipima damu ya mtoto, kisha ya babu. Wote wawili walikutwa na badiliko dogo kwenye maelekezo ya mwili ya kutengeneza mlango mmoja wa potasiamu. Ni ule ambao kazi yake huonekana zaidi moyo unapokwenda mbio, unapotakiwa kutulia upesi ili upige tena. Lakini badiliko lenyewe halikuwa limewahi kuonwa kwa mtu mwingine. Daktari alisema wazi kwamba hajui kama ni baya au halina neno. Watu wengi hubeba mabadiliko ya namna hiyo na wanazeeka nayo.

"Mimi mwenyewe si huyu hapa, nimezeeka," mzee alisema. "Sasa nimwambie mjukuu wangu akae chini, au nimwache akimbie? Nikimkataza bure nimemnyang'anya baba yake mara ya pili. Nikimwacha kumbe ni kweli, nimemzika. Hicho kipande chukua. Kiulize."

Bawabu anasema alitoka wodini amebeba mzigo ambao hajawahi kuubeba. Mpaka siku hiyo vipande vilikuwa vipande. Hiki kilikuwa kimetumwa kikiwa na ujumbe.

Siku ya upasuaji alisubiri nje ya chumba akiwa na chupa ndani ya ndoo ya barafu. Muuguzi akamkabidhi kipande, kidogo kama punje ya harage, na Bawabu akashuka ngazi nacho bila kusalimia mtu. Kama ilivyo desturi ya maabara yao, alikigawa mara mbili, nusu aifanyie kazi na nusu abaki nayo akiba.

Kuzitenganisha seli za moyo ni kazi ya kuzidanganya. Zinashikana kwa sababu ya kalsiamu, kwa hiyo kipande huoshwa kwenye maji yasiyo na kalsiamu hata kidogo mpaka ziachiane. Kisha kalsiamu hurudishwa, kwa sababu bila hiyo haziwezi kuishi. Inarudishwa tone kwa tone, na kati ya tone na tone mtu anakaa, anangoja. Ukiharakisha, kalsiamu huzivamia zote kwa pamoja, zinajikaza kwa nguvu zote na hazijikunjui tena. Kila mtu wa kazi hii anaijua hatari hiyo, na wanafunzi huambiwa siku ya kwanza.

Bawabu alikuwa katikati ya matone alipoingia muuguzi, uso umemshuka.

Hapo pana jambo ambalo Bawabu hulisimulia kwa sauti ya chini kila mara. Ili daktari aweze kushona vali, moyo lazima usimame, na unasimamishwa kwa potasiamu. Maji yenye potasiamu nyingi humwagwa kwenye mishipa ya moyo, milango inashindwa kazi, na moyo unazima kama taa. Kazi ikiisha, potasiamu huoshwa, chumvi hurudi kwenye hesabu yake, na moyo unaanza wenyewe. Chumvi ile ile inaushika uhai na kuuachia.

Siku hiyo potasiamu ilioshwa na moyo wa mzee haukuanza.

"Wanaushtua," muuguzi alisema. "Umegoma. Nimeona nikwambie."

Akarudi mbio. Bawabu akabaki na chupa ya kalsiamu mkononi na kisahani mbele yake. Anasema hakumbuki alichofikiria. Anakumbuka kwamba alipotazama chini, matone yaliyopaswa kugawiwa kwa nusu saa nzima yalikuwa yameshaingia yote.

"Mkono ulikuwa unamsaidia yule mzee," anasema. "Ulitaka vitu viende haraka. Nilitia jicho kwenye hadubini, nikaona zinajikunja. Moja, nyingine, nyingine. Zilikuwa ndefu, nzuri, zenye mistari yake, zikawa vidonge. Nilishuhudia zote zikifa na mimi ndiye niliyeziua. Na ghorofa ya juu mwenyewe hajaamka. Nikasema, leo nimemmaliza mzee wa watu juu na chini."

Alikaa sakafuni. Mwenzake wa meza ya pili, kijana mkimya ambaye hupita siku nzima bila kutamka neno, aliinuka akamletea maji ya kunywa. Kisha akasema neno lake la siku hiyo: "Dada, akiba ipo."

Akiba haiozi, wahenga walisema, ila ya moyo huoza, tena upesi. Saa zilikuwa zinakwenda. Bawabu alinawa uso, akaanza upya na ile nusu nyingine. Tone, kungoja. Tone, kungoja. Safari hii alimwomba mwenzake asimame mlangoni, na mtu yeyote akija na habari, njema au mbaya, amzuie.

Kwa hiyo hakujua. Alipoketi kwenye hadubini na kuweka mpira mdomoni, hakujua kama seli aliyokuwa akiigusa ilikuwa ya mtu aliye hai au ya marehemu. Ilikuwa ndefu, imenyooka, na alipoishtua kwa umeme kidogo ilijikaza na kulegea vizuri kabisa. Alivuta pumzi. Utando ukamkubalia. Akavuta tena kidogo mpaka ukapasuka na njia ikafunguka kuingia ndani, kisha akaiuliza seli lile swali la mzee.

Kwenye seli za watu wengine, akiagiza milango hiyo ya potasiamu ifunguke, mstari hupanda taratibu kama maji yanayojaa ndoo. Mstari wa mzee ulipanda. Ukapanda kwa uvivu, ukafika kama nusu ya njia, ukaishia hapo. Akajaribu seli nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Zote ziliishia hapo.

"Nilijua," anasema Bawabu. "Hata kabla ya hesabu. Milango inachelewa, na mingine haifunguki kabisa. Mtu akikaa, haina neno. Moyo ukienda mbio, pigo jipya linakuta la zamani halijaisha."

Alipofungua mlango wa chumba, mwenzake alikuwa bado amesimama pale, mikono kifuani, kama askari. Akampa neno la pili: "Uliwaka."

Moyo wa mzee ulikuwa umeanza kupiga saa nyingi zilizopita, wakati Bawabu akiwa bado sakafuni.

Seli chache za siku moja si ushahidi wa kumfungia mtoto maisha. Bawabu ndiye wa kwanza kusema hivyo. Michoro ilipimwa upya na mwenzake bila kuambiwa ni ya nani. Kisha protini yenye badiliko lile ilitengenezwa ndani ya seli nyingine za maabara, ikajaribiwa kwa miezi. Jibu lilikuwa lile lile. Ndipo daktari wa watoto akaita familia. Mtoto akaanzishiwa vidonge vya kutuliza mapigo, akaambiwa asikimbie mashindano.

Mzee aliposikia, aliuliza kwa nini basi yeye yu hai. Daktari akamwambia hawezi kujua kwa hakika, lakini huenda ni kwa sababu hajawahi kukimbia.

"Nimekaa kwenye cherehani tangu nina miaka kumi na minne," mzee anasema, na hapo maneno yake mengi yanampungukia. "Kumbe kiti ndicho kilichoniokoa. Na mwanangu nilikuwa namwambia, usikae kama mimi, toka nje, kakimbie."

Bawabu alimsikia akisema hivyo siku alipokuja maabara. Alimvutia kiti, mzee akakitazama, na wote wawili wakashikwa na kicheko kisicho cha furaha wala cha huzuni.

Mzee hakuja peke yake. Mjukuu alikuwa nyuma yake, mrefu, miguu mirefu kuliko umri, amenuna. Alitoa shikamoo ya lazima, kisha akamgeukia babu yake na kuuliza kwa sauti ya kusikika:

"Ndiye huyu aliyenikataza kukimbia?"

"Ndiye mimi," Bawabu alijibu.

Hakujitetea. Alimketisha mbele ya kompyuta, akamfungulia mchoro wa siku ile, kwanza wa mtu mwingine, kisha wa babu. Mtoto alitazama mstari ukipanda kwa uvivu na kuishia njiani. Akauliza kama ule ni moyo wa babu kweli. Akaambiwa ni seli yake moja. Akamwangalia babu, akaangalia kioo cha kompyuta, akamwangalia babu tena, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichopungua.

Mzee yeye alikuwa ameona mpira. Aliuokota mezani, akaambiwa unavyotumika, akajipiga paja. "Kwa mdomo? Mimi nimetia uzi kwenye sindano kwa mdomo maisha yangu yote, nikadhani mmeshavumbua mashine!"

Mtoto hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, kama kila mgeni.

"Na yangu inachelewa? Sasa hivi?"

"Inachelewa kidogo," Bawabu alisema. "Lakini inafunguka. Ukikaa hivi, inafunguka yote inayoweza."

Mtoto aliacha kiganja pale pale, akainamisha kichwa akisikiliza. Kisha akasema, si kwa Bawabu wala kwa babu:

"Basi nitaingoja."

Tangu siku hiyo kuna kazi mpya juu ya meza ya Bawabu. Anajaribu dawa kadhaa kwenye milango yenye badiliko lile, moja baada ya nyingine, kutafuta itakayoiamsha. Nyingi hazifanyi kitu. Moja iliuinua mstari kidogo, kisha ukaanguka. Ameagiza iletwe tena, na anataka pia kujifunza namna ya kukuza seli za moyo kutokana na damu ya mtoto mwenyewe, ili asimwulize babu maswali yasiyo yake. Hiyo ni kazi ya miaka, na mkataba wake unaisha kabla ya hapo. Anasema ataomba mwingine.

Mama yake amemwuliza atapata nini mwishoni, cheti kingine?

"Nikamwambia, mama, nataka nikae uwanjani siku moja kama mzazi mwingine yeyote, yule mtoto apite mbele yangu mbio, na mimi nisiwe na roho mkononi," anasema Bawabu.

Anaangalia saa. Huko juu upasuaji wa leo umeanza, na ndoo ya barafu iko tayari mlangoni. Shuleni, binti wa mkimbiaji hushika saa ya kupimia muda wakati wenzake wanakimbia. Mwalimu anasema hakuna anayeishika kwa makini kuliko yeye, na kwamba kila wanapomaliza yeye huweka kiganja kifuani kwanza, ndipo atangaze mshindi.